Tuandike Gramu: Wito kwa Waliotibiwa Vaskulitisi na Wanaowauguza

Ndugu zangu, wito huu nauelekeza kwanza kwa watu wachache, kisha kwa wote wanaoishi nao. Wachache hao ni wale waliopata vaskulitisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaacha kupambana na vijidudu na kuigeukia mishipa ya damu ya mwenyewe, ikaifanya ivimbe, izibe au ipasuke. Ni kama sungusungu waliokabidhiwa ulinzi wa kijiji, usiku mmoja wakaanza kuvunja milango ya wanakijiji. Huenda hujawahi kukutana na mgonjwa wa namna hii. Lakini kama katika ukoo wenu yupo dada au shangazi aliyetibiwa lupasi iliyoshika figo, huenda naye alipewa dawa ileile nitakayoizungumzia, kwa hiyo msomee.

Ninachoomba ni kidogo. Kila aliyewahi kutumia saiklofosfamaidi ajue ametumia gramu ngapi kwa jumla, aziandike, na karatasi hiyo aitunze maisha yake yote. Na siku akiona damu kwenye mkojo, hata kama imepita miaka kumi na tano ya afya njema, asikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya kichocho tu.

Nieleze kwa nini.

Vaskulitisi si ugonjwa mmoja. Upo unaoshika mishipa mikubwa inayotoka kwenye moyo, upo wa mishipa ya kichwani kwa wazee, na upo ule wa mishipa midogo kabisa, ambao ndio hasa ninaouzungumzia. Huu wa mishipa midogo hupenda pua, mapafu na figo. Mgonjwa anatokwa na damu puani pamoja na makoko yasiyokwisha, macho yanakuwa mekundu, viungo vinauma, anakohoa damu, anapungua uzito, homa za jioni. Msomaji wa Afrika Mashariki ameshajibu moyoni: hicho ni kifua kikuu. Na picha ya eksirei haimsaidii daktari, kwa sababu mapafu ya mgonjwa huyu yanaweza kuwa na mashimo yanayofanana na ya kifua kikuu. Wapo wanaomeza dawa za TB kwa miezi kabla mtu hajashtuka kwamba makohozi hayajawahi kuonyesha kijidudu chochote, na kwamba figo nazo zimeanza kufa. Wengine huambiwa wana saratani ya mapafu. Anayefika kwenye jibu sahihi, basi, mara nyingi amefika akiwa amechoka, amekopa, na hana nguvu za kuuliza maswali kuhusu dawa anayopewa.

Tena dawa yenyewe ilikuwa mwujiza, tusiinyime haki yake. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 1958 ulionyesha kwamba mgonjwa wa aina kali ya vaskulitisi, ile iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Wegener, aliishi kwa wastani wa miezi mitano tangu kugunduliwa, na asilimia 82 walikufa ndani ya mwaka mmoja. Prednisoloni na dada zake zilirefusha maisha kidogo tu. Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1970, pale Anthony Fauci na Sheldon Wolff, wakifanya kazi katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani huko Bethesda, Maryland, walipojaribu kuunganisha prednisoni, mmoja wa dada hao, na dawa ya saratani, saiklofosfamaidi, kidonge kila siku. Mwaka 1983 walitoa taarifa ya wagonjwa 85 waliowatibu: 79 kati yao ugonjwa ulitulia kabisa. Huyu ni Fauci yuleyule ambaye dunia ilimjua baadaye kwa UKIMWI na korona. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa ugonjwa wa kuishi nao.

Lakini saiklofosfamaidi ina ukoo mbaya. Ilitengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1950 kutokana na kemikali za jamii ya gesi ya haradali, ileile iliyowababua na kuwapofusha askari kwenye mahandaki ya Ubelgiji mwaka 1917. Wanasayansi waliona kwamba sumu hiyo inaua chembe nyeupe za damu, wakaifuga ili iue saratani. Na inaiua kweli, hadi leo. Inafanya hivyo kwa kuvuruga vinasaba vya chembe zinazogawanyika, na chembe iliyovurugwa ikasalimika inaweza, miaka mingi baadaye, kugeuka yenyewe kuwa saratani. Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Dawa hiyohiyo moja inatibu saratani na inaweza kuileta.

Mahali pa hatari zaidi ni kibofu. Ini likiivunja saiklofosfamaidi hutoa taka moja iitwayo akrolini, na taka hiyo hutoka kwa njia ya mkojo. Mkojo ukikaa kibofuni usiku kucha, akrolini nayo imekaa hapo, inachoma ukuta. Mwaka 1992 timu ya Bethesda ilirudi na hesabu mpya ya wagonjwa 158: saratani ya kibofu kwao ilikuwa imeongezeka mara 33 kuliko kwa watu wa kawaida. Miaka minne baadaye wakachapisha uchunguzi wa wagonjwa 145 waliotumia vidonge hivyo. Nusu yao walikuwa wamewahi kuwa na damu kwenye mkojo isiyotoka kwenye figo. Saba walipata saratani ya kibofu, mmoja miezi saba tu baada ya kuanza dawa, mwingine baada ya miaka 15. Sita kati ya hao saba walikuwa wamepita gramu 100. Na wote saba, kabla ya saratani kuonekana, waliwahi kuwa na damu kwenye mkojo.

Someni sentensi hiyo ya mwisho tena. Mwili ulikuwa umetoa taarifa.

Sasa hesabu ya gramu. Kidonge cha kawaida cha saiklofosfamaidi ni miligramu 50. Anayemeza viwili kwa siku anatumia miligramu 100, na kwa mwaka mmoja anafika gramu 36 na nusu. Uchunguzi uliofanyika Denmark kwa wagonjwa 293 uliona kwamba waliovuka gramu 36 ndio waliobeba hatari kubwa ya saratani ya kibofu na ya damu. Gramu 100, kwa vidonge viwili kwa siku, ni karibu miaka miwili na miezi tisa. Anayepewa kwa dripu anapata gramu chache kuliko wa vidonge: utafiti mkubwa wa Ulaya uliolinganisha njia hizo mbili ulikuta wa dripu wametumia takribani gramu 8 kwa jumla, na wa vidonge karibu 16, huku ugonjwa ukitulia sawasawa. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuketi benchi moja la kliniki, wote wakisema "nilitumia ile dawa", mmoja akiwa na gramu 6 na mwenzake 80. Daktari asiyeijua hesabu atawaona sawa, kumbe wana mizigo tofauti kabisa.

Na hapa ndipo sisi wa ukanda huu tuna tatizo letu wenyewe, ambalo watafiti wa Maryland hawakuwa nalo. Kwetu damu kwenye mkojo ina jina tayari. Kando ya mashamba ya mpunga, mabwawa na vijito vya pwani ya Kenya na Tanzania, kijana akikojoa damu watu hawashtuki. Kichocho. Unguja na Pemba kimepigwa vita kwa miaka mingi na kimeshuka sana, lakini kumbukumbu yake haijatoka vichwani. Kuna sehemu za Afrika ambako mvulana kukojoa damu kulihesabiwa kuwa dalili ya kukua tu. Katika mazingira hayo, mama wa miaka 45 aliyetibiwa vaskulitisi akiwa na miaka 33 akienda zahanati na malalamiko hayo, atapimwa urefu au uzito, atapewa praziquantel, na faili litafungwa. Simlaumu mhudumu. Kwa wagonjwa wengi wanaopita mlangoni kwake na malalamiko hayo, jibu hilo ni sahihi.

Ila kwa mama huyu damu ina vyanzo vitatu vinavyowezekana. Cha kwanza ni ugonjwa wenyewe kurudi kwenye figo: hapo mkojo unakuwa na protini, na chembe nyekundu chini ya darubini zinaonekana zimepindapinda kwa kuwa zimepenya kwenye vichujio vilivyoharibika. Cha pili ni kichocho chenyewe, na kipimo chake ni kutafuta mayai yenye mwiba mwishoni, katika mkojo uliotolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Cha tatu ni kibofu kilichounguzwa na dawa, au saratani iliyoota hapo. Na tusidhani kwamba mayai yakionekana basi mambo yamekwisha, kwa sababu kichocho cha mkojo nacho kikikaa miaka mingi huleta saratani ya kibofu. Aliyepata vyote viwili, kichocho utotoni na saiklofosfamaidi ukubwani, ndiye wa kuangaliwa kwanza kabisa. Vidonge vya kichocho apewe, sawa. Baada ya hapo mkojo upimwe tena, na damu ikiendelea apelekwe kwa daktari wa njia ya mkojo akaingiziwe kamera kibofuni. Hata miongozo ya madaktari wa Ulaya inasema hivyo: aliyewahi kutumia dawa hii, damu isiyoelezeka ikiendelea, achunguzwe.

Nasikia mtu anasema: basi heri niache. Usiache! Hili nalisema kwa sauti, maana najua jinsi habari ya saratani inavyosafiri kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Kinachoua wagonjwa wa vaskulitisi katika mwaka wa kwanza si saratani. Ni ugonjwa wenyewe na maambukizi yanayoingia kinga ikiwa imeshushwa. Saratani huja baadaye, kwa wachache, na inaweza kukamatwa mapema. Kuacha prednisoloni ghafla ni hatari peke yake, mwili unaweza kuzimika. Anayeogopa amwambie daktari, "Naogopa, tuna njia nyingine?" Njia zipo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imethibitika kwamba ugonjwa ukitulia baada ya miezi mitatu hadi sita mgonjwa anaweza kuhamishiwa azathioprini, gramu zikakoma kupanda. Tangu 2010 iko rituksimabu, dripu inayolenga aina moja tu ya chembe za kinga, na uchunguzi wa wagonjwa 323 uliochapishwa kutoka Cambridge mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa rituksimabu hawakuwa na saratani nyingi kuliko watu wengine, ilhali wa saiklofosfamaidi walikuwa na hatari mara nne na zaidi ya wale wa rituksimabu. Ni ghali, najua. Mjadala wa bima zetu na dawa za namna hii ningeuandikia ukurasa mwingine mzima. Kwa leo niwaombe tu wanaopanga orodha za dawa zinazolipiwa waweke kwenye mizani gharama ya kutibu saratani ya kibofu miaka kumi mbele.

Anayeendelea na saiklofosfamaidi ana ulinzi wa bure. Ameze kidonge asubuhi, si usiku. Anywe maji mengi mchana, isipokuwa kama daktari amemwekea kikomo kwa sababu ya figo. Aende haja ndogo mara kwa mara, na asilale na kibofu kilichojaa. Kwa wa dripu kubwa ipo dawa iitwayo mesna inayoifunga akrolini kabla haijachoma. Uliza kama unaihitaji. Na sigara, jamani. Uvutaji peke yake unaleta saratani ya kibofu. Ukiuongeza juu ya dawa hii unajitafutia. Wavutaji mnaosindikiza wagonjwa wenu kliniki, moshi wenu uacheni nje ya nyumba.

Kuna saratani nyingine, nizitaje kwa haraka. Ngozi ndiyo inayoongoza kwenye takwimu za Ulaya, lakini wale ni watu weupe, na sioni sababu ya kuwatisha wasomaji wengi wa hapa kwa hesabu zisizo zao. Isipokuwa mmoja: mwenye ualbino akiandikiwa azathioprini, dawa inayoifanya ngozi iumizwe zaidi na jua, huyo anahitaji kofia, mikono mirefu, mafuta ya kinga kama yale yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na daktari wa ngozi karibu.

Kwa wanawake, shingo ya kizazi ni jambo kubwa kuliko ngozi. Kinga iliyoshushwa kwa dawa inashindwa kukifukuza kirusi cha HPV kinacholeta saratani ya hapo, na Tanzania saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Kipimo cha siki kinapatikana kwenye vituo vingi vya afya na huchukua dakika chache. Mwambie nesi waziwazi kwamba unatumia dawa za kushusha kinga, kwa sababu ratiba yako inapaswa kuwa ya karibu kuliko ya jirani yako. Mabinti zenu wa miaka 9 hadi 14 wapelekeni kwenye chanjo ya HPV, ambayo Tanzania inatolewa tangu 2018 na Kenya tangu 2019; Rwanda walitangulia mwaka 2011. Na kabla ya rituksimabu, kila mtu apimwe homa ya ini B. Dawa hiyo inaweza kukiamsha kirusi kilichokuwa kimelala, na kirusi hicho ndicho kinachosababisha saratani nyingi za ini katika bara letu. Tena chenyewe kinaweza kuleta aina moja ya vaskulitisi.

Nirudi kwenye karatasi, maana ndiyo niliyoijia.

Madaktari wetu, wengi wenu mnafanya kazi ya watu watatu, na mtaalamu wa magonjwa haya unaweza kumtafuta mkoa kwa mkoa usimpate. Ninachoomba kwenu ni mstari mmoja. Siku ya kumaliza saiklofosfamaidi, kwenye kadi ya mgonjwa, si kwenye faili linalobaki hospitali, mwandike: jina la ugonjwa, mwaka, njia ya dawa, jumla ya gramu, na maneno "apimwe mkojo maisha yote". Mtu akihama kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora, faili halihami naye. Wauguzi wa kliniki, ninyi ndio mnaosoma kadi mbele ya kila mtu. Mkiona mstari huo, kijiti cha mkojo kitumike hata kama mgonjwa amekuja kwa mafua.

Waliotibiwa zamani nao waangalie jina la ugonjwa kwenye makaratasi yao. Friedrich Wegener alikuwa mwanapatholojia Mjerumani, na uhusiano wake na chama cha Nazi ulipojulikana, vyama vya madaktari wa Marekani na Ulaya viliamua mwaka 2011 kuachana na jina lake. Tangu hapo ugonjwa unaitwa granulomatosisi yenye poliangiitisi, au kwa kifupi GPA. Daktari kijana anaweza kuona jina la zamani akapita. Andikeni yote mawili.

Wanafamilia, huyu mtu wenu mmemzoea kumwona mzima. Ameshanenepa, anafanya biashara, anacheka kwenye harusi. Wanaume hasa wakishapona hawataki kusikia habari za kliniki, na kamera ya kibofu wanaikimbia kwa aibu kabla ya maumivu. Shemeji au kaka wa rika lake anaweza kumsindikiza na kumchekesha njiani; mke peke yake mara nyingi hawezi. Na akiona mkojo umebadilika rangi asione haya kusema. Tumzoeshe kusema.

Wapo ambao hawana kumbukumbu yoyote: hospitali imehamisha masjala, kadi imeliwa na mchwa, daktari amestaafu. Kwao pia kazi inawezekana. Kumbuka ulikuwa na kilo ngapi wakati ule, ulipata dripu ngapi, au ulimeza vidonge vingapi kwa siku na kwa miezi mingapi. Waulize waliokuuguza, mama anakumbuka ni Ramadhani gani au Krismasi gani ulikuwa ukitapika. Uliza duka la dawa mlikonunua kama bado lipo. Vidonge zidisha kwa 50, gawanya kwa 1,000, umepata gramu. Kwa dripu peleka namba hizo kwa mfamasia akukadirie. Ukishindwa kabisa, andika mwaka, jina la dawa, na kama ilikuwa vidonge au dripu, piga picha kwa simu, umtumie mtoto mmoja na ndugu mmoja. Makadirio ya namna hiyo, yakiwekwa mezani pamoja na mkojo wenye damu, yanatosha kumfanya daktari aagize kamera.